Mwongozo Kamili wa Siku Moja Bustani ya Wanyama: Namna ya Kuwakuta Wanyama na Ndege wa Mbali Wakiwa Macho

Lalamiko huwa lilelile. "Tumezunguka bustani nzima mpaka miguu ikavimba. Simba amelala. Chui milia hatukumwona kabisa. Kwa ndege tulipita tu, maana watoto walishachoka." Bustani haikuwa tupu, wala hakuna aliyewaficha wanyama. Watu hao waliingia saa tano asubuhi jua limeshapanda, wakaanza na banda la kwanza karibu na lango, na kila walipofika walisimama dakika moja wakaendelea.

Kama utashika jambo moja tu katika mwongozo huu, shika hili: wanyama wachache, muda mrefu. Aliyekaa kwa utulivu na wanyama sita huona mengi kuliko aliyepita mbio mbele ya mabanda sitini.

## Vitu vya kuandaa

- Darubini ya macho mawili. Tafuta iliyoandikwa 8x32 au 8x42. Namba ya kwanza ni mara ngapi inakuza, ya pili ni upana wa lenzi ya mbele kwa milimita. Usivutiwe na zile za kukuza mara 20: mkono ukitikisika kidogo tu huoni kitu. Hakikisha pia inaweza kulenga kitu kilicho karibu, mita mbili hivi, kwa sababu kwenye banda la ndege mara nyingi ndege yuko palepale mbele yako.
- Kitambaa cheusi cha ukubwa wa taulo ndogo. Kazi yake utaiona kwenye hatua ya picha.
- Daftari dogo na penseli. Penseli huandika hata karatasi ikiwa na unyevu.
- Viatu vilivyokwisha kuuzoea mguu na nguo za kuvaa moja juu ya nyingine, maana mabanda ya wanyama wa misitu ya joto huwa ya moto na yenye mvuke, na nje kunaweza kuwa na baridi.
- Maji na chakula, ndani ya begi lenye zipu. Nyani, ndege na hata tausi wanaozurura huru wanajua vizuri begi lililo wazi ni lipi.
- Sabuni au dawa ya kutakasa mikono.

Viache nyumbani puto, mipira, filimbi na mbwa wako. Puto likipasuka au likipeperuka huangukia ndani ya uzio, na mnyama akimeza kipande cha puto kinaweza kumziba utumbo.

## Hatua ya 1: Chagua bustani inayostahili kwenda

Kabla ya kununua tiketi, angalia picha na maelezo ya bustani. Bustani nzuri humpa mnyama mahali pa kujificha. Najua jambo hili huwaudhi wageni, lakini mnyama anayeweza kuondoka machoni pa watu akitaka ndiye anayejitokeza kwa hiari yake, na ndiye utakayemwona akifanya mambo yake ya asili.

Tazama kama bustani ni mwanachama wa WAZA, jumuiya ya kimataifa ya bustani za wanyama, au wa chama cha ukanda wake kinachokagua wanachama. Ikimbie bustani inayowapakatisha wageni watoto wa simba au chui milia kwa ajili ya picha. Mtoto anayepita mikono ya wageni mchana kutwa ametenganishwa na mama yake kabla ya wakati, na akishakuwa mkubwa hawezi tena kupakatwa. Usiipe pesa yako biashara hiyo.

## Hatua ya 2: Andika majina sita, kisha uyapange juu ya ramani

Pakua ramani ya bustani siku moja kabla. Chagua sita: wanyama watatu wanaochangamka asubuhi, aina mbili za ndege, na mmoja wa ndani ya jengo kwa ajili ya mchana. Wengine wote utakaowakuta njiani ni nyongeza.

Kisha angalia mambo haya:

- Saa za kulisha na za mazungumzo ya watunzaji. Huu ndio uti wa mgongo wa ratiba yako.
- Mabanda yaliyofungwa. Homa ya mafua ya ndege ikizuka, bustani nyingi hufunga mabanda ya ndege ya kuingia ndani kwa muda.
- Msimu. Tausi dume hupukutisha manyoya yake marefu kila mwaka baada ya kipindi cha kuzaliana. Ukienda wakati huo utamkuta bila fahari yake.

Ukiwa na watoto, mpe kila mmoja mnyama wake wa kusimamia: yeye ndiye atakayewaongoza kwenda kwake na kuwaeleza wengine anachofanya. Mtoto mwenye kazi hachoki haraka.

## Hatua ya 3: Fika lango likiwa limefungwa, uanze mwisho

Uwe mlangoni robo saa kabla ya kufunguliwa. Lango likifunguliwa, wapite wote wa karibu na uende moja kwa moja hadi ncha ya mbali ya bustani. Umati huanza na kilicho karibu na husogea polepole, kwa hiyo utakuwa na saa nzima au zaidi ya ukimya.

Asubuhi ni muhimu kwa sababu wanyama wengi huchangamka alfajiri na jioni, joto likiwa dogo. Simba anaweza kupumzika hadi saa 20 kwa siku. Saa chache zilizobaki ndizo unazozitafuta, na si rahisi ziangukie saa saba mchana.

Kama bustani ina lemuri wenye mkia wa pete, waweke wa kwanza kwenye orodha. Porini wanapatikana Madagaska peke yake. Asubuhi hukaa kitako, magoti wameyaachanisha, mikono wameitandaza pembeni na tumbo lenye manyoya mepesi limeelekezwa juani, kundi zima likitazama upande mmoja. Jua likishawapasha joto vya kutosha wanainuka na kutawanyika. Ukichelewa, unawakuta wamejikunja kivulini kama mipira.

Umefaulu hatua hii kama mnyama wako wa kwanza umemkuta yuko kwenye miguu yake na hakuna kelele ya watu nyuma yako.

## Hatua ya 4: Simama dakika ishirini

Hapa ndipo wengi wanaposhindwa, kwa hiyo nitakaa hapa zaidi.

Dakika tano za kwanza, mtafute kwa vipande. Jicho linalotafuta mnyama mzima halimpati. Tafuta sikio linalopepesuka, ncha ya mkia, mstari uliolala katikati ya miti iliyosimama. Pita kwa macho yako ngazi moja moja: ardhi kwanza, kisha vichaka, kisha matawi ya katikati, kisha juu kabisa. Tazama hasa sehemu zilizo kavu, zilizoinuka na zenye kivuli, na pembeni pembeni mwa uzio. Watu hutazama katikati, wakati mnyama amelala chini ya miguu yao, ukutani.

Dakika zinazofuata, nyamaza. Jisogeze pembeni ya dirisha la kutazamia, simama au ukae, ongea kwa sauti ya chini. Usigonge kioo kamwe. Kwako ni kidole kimoja, kwake ni mamia ya vidole tangu asubuhi, na mnyama aliyegongewa hujifunza kuwapa watu mgongo.

Kisha mtazame anafanya nini. Hapa macho yanahitaji kazi maalumu, vinginevyo yanachoka. Nakupa chache:

Twiga aliyetulia, mtazame shingo badala ya uso. Anacheua. Anatafuna kwa muda, anameza, na utaona donge likishuka kwenye ile shingo ndefu. Kimya kidogo, halafu donge jingine linapanda kutoka chini hadi mdomoni, unaliona kabisa chini ya ngozi, na taya zinaanza tena. Mtu akishaliona mara moja huwa hataki kuondoka. Akitoa ulimi, ni mweusi kuelekea zambarau na una urefu wa karibu nusu mita.

Chui milia akikugeuzia kisogo, angalia nyuma ya masikio yake. Kila moja lina doa jeupe. Akiwa karibu, linganisha milia ya ubavu wa kulia na wa kushoto: hailingani, na hakuna chui milia wawili wenye milia ya kufanana.

Tembo, tazama ncha ya mkonga. Wa Afrika ana vidole viwili, juu na chini, na huokota kitu kwa kukibana. Wa Asia ana kimoja tu, juu.

Mamba aliyeachama bila kusogea hajakukasirikia. Mara nyingi anapunguza joto la kichwa.

Tahadhari kwa sokwe, gorila na nyani. Usiwakodolee macho wala usiwaonyeshe meno ukidhani unatabasamu. Kwa wengi wao, kukodoa ni kutafuta ugomvi na meno wazi yana maana tofauti na furaha. Geuza uso kidogo, jishushe chini, watazame kwa kuibia. Baada ya muda wataacha kukujali.

Hiyo ndiyo alama ya kufaulu: mnyama amerudi kwenye shughuli zake kana kwamba haupo. Ukiona amekula, amejikuna, amelumbana na mwenzake au amemnusa mtoto wake huku wewe uko palepale, umeshamwona. Kama dakika ishirini zimepita na hakutokea, ondoka bila kinyongo, andika saa, na umpange tena jioni.

## Hatua ya 5: Ingia banda la ndege, ukae chini

Mabanda mengi ya kuingia ndani yana milango miwili. Funga wa kwanza kabla ya kufungua wa pili. Ndege aliyeletwa kutoka bara jingine akitoroka, uwezekano wa kuishi nje ni mdogo, hasa hali ya hewa ikiwa si yake.

Ukitoka kwenye baridi na kuingia kwenye joto, lenzi zitapata ukungu. Usizifute kwa nguo. Ziache kwenye begi dakika kumi zipate joto taratibu.

Watu hutembea ndani ya banda huku wakitazama juu, wakatoka wakisema hamna kitu. Fanya kinyume: tafuta benchi karibu na sahani ya chakula au maji, kaa, sikiliza kwanza. Sauti itakuonyesha upande, na mtikisiko wa jani utakuonyesha tawi. Baada ya robo saa ndege walioruka ulipoingia wataanza kushuka.

Kasuku, wawe wale wakubwa wenye rangi kali wa Amerika au wengineo, watazame miguu: vidole viwili mbele, viwili nyuma. Ndiyo maana wanashika karanga kama mtu ashikavyo mkate. Mtazame na jicho, maana mboni hupanuka na kusinyaa haraka anaposisimka.

Heroe, wanaojulikana pia kama flamingo, hula kichwa kikiwa juu chini, mdomo ukichuja maji na tope. Wekundu wao unatokana na chakula, kwa hiyo bustani huwapa chakula chenye rangi hiyo, la sivyo wangepauka. Ukibahatika utawaona wakicheza: kundi zima linatembea upande mmoja shingo zimenyooshwa, vichwa vikigeuka kushoto na kulia, kisha wote wanageuka kwa pamoja.

Tausi dume akitandaza, usiishie mbele. Zunguka nyuma yake. Yale manyoya marefu yenye macho si mkia. Yanatoka juu ya mkia. Mkia wenyewe ni mfupi, wa rangi ya kahawia, na utauona ukiwa umesimama wima kuyategemeza.

Na hondohondo, ndege wale wenye mdomo mkubwa uliopinda, kama wako kwenye kutaga, ni zawadi ya siku. Jike wa jamii nyingi hujifungia ndani ya pango la mti kwa kuuziba mlango na kuacha mwanya mwembamba tu. Dume humletea chakula na kukipitisha kwenye mwanya huo, ncha ya mdomo kwa ncha ya mdomo. Ukimwona dume akirudi mara kwa mara kwenye shina lilelile, usihame.

Onyo moja kubwa: kasuari. Ndege huyu wa Guinea Mpya na kaskazini mwa Australia ana ukucha kwenye kidole cha ndani cha kila mguu unaofikia takribani sentimita 12, na hupiga teke kwa nguvu. Usipitishe mkono wala kamera juu ya uzio wake, hata akionekana mpole. Dume ndiye anayeatamia mayai na kulea, na akiwa na vifaranga hana mzaha.

## Hatua ya 6: Mchana, ingia ndani

Kuanzia saa sita hadi saa tisa, wengi walio nje wamelala. Kula, pumzika, kisha nenda kwenye nyumba ya nyoka na nyumba ya wanyama wa usiku.

Nyumba ya wanyama wa usiku huwashwa taa usiku na kufifishwa mchana, ili usiku wao uangukie wakati wa wageni. Wengi huingia, wakaona giza, wakawasha tochi ya simu, wakatoka. Tochi hiyo inawaumiza wanyama na inakurudisha mwanzo wewe mwenyewe, kwa sababu macho yaliyotoka juani yanahitaji dakika kumi ili yaanze kuona gizani na takribani nusu saa yakamilike. Simama karibu na mlango, uzime simu, ungoje. Ukuta uliokuwa mweusi utaanza kuwa matawi, na kwenye matawi utaona vitu vinatembea.

## Hatua ya 7: Piga picha, lakini mwisho

Mtazame mnyama kwanza kwa macho. Ukishamwelewa, unajua atageukia wapi.

Kwenye kioo: gusanisha lenzi na kioo, funika kwa kile kitambaa cheusi kuzunguka kamera au simu ili mwangaza wa nyuma yako usirudi kwenye picha. Zima mwako wa flashi. Huwashtua wanyama, na kwenye kioo unakupa doa jeupe tu.

Kwenye waya: karibia kadiri kizuizi cha wageni kinavyoruhusu, chagua sehemu ya waya iliyo kivulini, na ungoje mnyama awe mbali na waya. Hapo waya hupotea wenyewe. Kamera ikiendelea kulenga waya, gusa mnyama kwenye skrini ya simu, au lenga kwa mkono.

Usivuke kizuizi, wala usimpandishe mtoto juu yake. Hakuna picha inayostahili hilo.

## Kama bustani ni ya kupita na gari

Vioo juu, milango imefungwa, usishuke kwa sababu yoyote. Gari likiharibika, baki ndani na upige honi au simu kama ilivyoandikwa kwenye tiketi. Wape wanyama njia, usiwapigie honi wasogee. Nyani hupenda kung'oa vifuta vioo na mipira ya madirisha, kwa hiyo kama unalipenda gari lako, chagua njia inayowakwepa.

## Hatua ya 8: Fika mapema kwenye ulishaji, uulize vizuri

Kuwa pale robo saa kabla. Mnyama anaijua saa yake, na namna anavyongoja huonyesha nani mkubwa katika kundi. Chakula kikiisha, watu huondoka. Wewe baki. Mtunzaji akiwa peke yake ana nafasi ya kuzungumza.

Achana na "huyu ni mkali?" Uliza: nani anaongoza hapa? Anafanya nini unapomfungulia asubuhi? Wanazaa hapa, na watoto huenda wapi? Ukimwona mnyama akienda na kurudi njia ileile bila kukoma, au akiyumbisha kichwa, uliza kwa adabu. Huenda anangoja chakula, huenda ni dalili ya msongo. Bustani makini itakueleza inachofanya.

Soma pia kibao kinachoonyesha hali ya mnyama porini. Choroa wa Arabuni, mnyama wa jangwani wa jamii ya swala mwenye pembe ndefu, alitoweka kabisa porini mwaka 1972. Waliobaki walikuwa wa kufugwa, wakazalishwa, na mwaka 1982 wakaanza kurudishwa kwenye jangwa la Oman. Ukikutana na choroa huyo mweupe bustanini, mpe muda wake. Ni jamii ya wale waliookoa kizazi kizima.

## Hatua ya 9: Saa ya mwisho, rudi kwa waliokushinda

Watu wakianza kuelekea langoni, wewe geuka. Joto linapungua, wanyama wanaamka, na wengi wanajua wakati wa kuitwa ndani kula umekaribia. Anza na wale ulioandika saa zao bila kuwaona. Simba wengi hunguruma wakati huu. Mngurumo wake unaweza kusikika hadi kilomita 8, na ukiwa mita chache tu unausikia kifuani.

Uliza mapema ni saa ngapi kila banda hufungwa. Bustani nyingi huwaingiza wanyama ndani kabla ya lango kuu kufungwa, na nusu saa hiyo ndiyo huwapotezea watu mnyama wao wa mwisho.

Nawa mikono kwa sabuni kabla ya kushika chakula chochote, hasa kama uligusa reli, mbuzi wa kushikwa au kobe. Reptilia hubeba salmonela, bakteria wanaoharisha watu, hata wakiwa wazima kabisa.

Usiku huohuo, kabla ya kulala, andika kwenye daftari mambo matatu kwa kila mmoja wa wale sita: saa uliyomkuta, mahali alipokuwa ndani ya banda, na kitu kimoja alichofanya. Safari ijayo, yule ambaye mstari wake uko mtupu ndiye wa kwanza kwenye ramani, na saa ile uliyomkosa usiirudie.